Kitanda Tulichokwenda Nacho kwa Mama

Coaster, basi dogo tuliloazima, iliingia uani kwa Mama kinyumenyume, saa kumi na moja jioni, ile mvua nyembamba ya Tukuyu isiyo na haraka ikiendelea kunyesha. Mama alikuwa amesimama barazani, kanga mabegani, mkono mmoja umeshika nguzo. Nilishuka, nikachuchumaa kumwamkia, akaniitikia, akaniuliza habari za njia, za watoto, za Iringa. Kisha akapanda ngazi ya gari taratibu na kuchungulia ndani.

Akakiona kitanda.

Kilikuwa kimetandikwa tayari: shuka la maua, mito miwili, blanketi zito limekunjwa upande wa miguuni. Nilikitandika mwenyewe tulipopumzika Makambako, nikiwa na furaha ya mtu aliyepata chumba kipya.

Mama akashuka. Akafuta mikono kwenye kanga ingawa mikono haikuwa na kitu.

"Mmekuja na kitanda chenu?"

Hakuwa amekasirika. Angekuwa amekasirika, ningejua la kumjibu.

Sasa ni wiki ya saba tukichagua nyumba ya kusafiri nayo. Tumepiga hesabu, tumekagua matairi, tumelala njiani, tumepanda na kushuka mlima wa Kitonga, na kila ninapodhani tumeamua, swali lile linarudi na kukaa katikati yetu.

Kila mmoja na lake

Baba Neema ameendesha malori miaka 22, kutoka bandarini Dar es Salaam hadi Tunduma na ng'ambo yake. Mimi nimefundisha jiografia sekondari, na mwakani nastaafu. Watoto wako Njombe, Songea na Sumbawanga. Mama yuko Tukuyu, kaka zake Baba Neema wako Kilolo. Muda tutakuwa nao. Tunachotafuta ni mahali pa kulala safarini pasipotumaliza fedha wala migongo.

Njia ziko mbili. Ununue gari-nyumba, yaani injini, usukani na kitanda vyote katika bodi moja. Au ununue tela la kulala, kijumba chenye magurudumu kisicho na injini, ulikokote kwa gari ulilo nalo.

Nilidhani dereva wa semi atataka tela. Hakutaka hata kulisikia.

"Mama Neema," aliniambia, "miaka yote ile nimeishi kwenye kioo cha pembeni. Kila kona najiuliza, mkia umepita? Kila mteremko najiuliza, mkia utanisukuma? Nimechoka kuulizia mkia."

Mimi nilitaka tela. Pikapu tunayo, Hilux ya dizeli ambayo tumeilea vizuri, na sikuona sababu ya kuweka injini ya pili uani, yenye bima yake, oili yake, betri yake inayokufa kwa kukaa. Nilimkumbusha kwamba mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam aliongoza msafara wa matela 41 ya Airstream kutoka Cape Town hadi Cairo, miaka ambayo lami ndefu barani humu ilikuwa ya kuhesabu. Aliniuliza swali moja tu.

"Walikuwa wanamfuata mama mkwe?"

Sikulielewa swali hilo siku ile.

Coaster ya shemeji

Shemeji yangu wa Mafinga ana Coaster aliyoing'oa viti, akaweka kitanda, jiko la gesi la plati mbili, sinki na tangi la maji la lita 100. Alituazima kwa siku kumi. Niliondoka Iringa nikiwa mpinzani, na kufika Makambako nilikuwa nimelainika.

Lazima niseme haki yake. Mvua ilitupiga baada ya Mafinga, tukaegesha, nikapiga hatua mbili kutoka kiti cha mbele na kuchemsha chai. Hakuna aliyelowa. Hakuna aliyefungua mlango. Kwenye matuta na rasta za vijijini gari lilipanda na kushuka mara moja likamaliza, wakati tela hurudia kila tuta baada yako, na vikombe vyako vikiwa ndani yake.

Halafu injini. Ile Coaster ina 1HZ, dizeli ya lita 4.2, ndiyo iliyo kwenye Land Cruiser nyingi tunazoziona zikipanda vijiji vya Makete na Ludewa. Fundi wa Ilula anaijua, wa Igurusi anaijua, wa Tunduma anaijua akiwa amefumba macho. Hoja hii ni nzito kuliko urembo wowote wa ndani. Magari-nyumba mengi ya Ulaya, yale meupe yenye makabati mazuri, yamejengwa juu ya Fiat Ducato. Ni gari zuri kwao. Likikufia Chimala, fundi atakuuliza kwa upole spea inatoka wapi, na wewe ndiye utakayetakiwa kumjibu. Anayetaka gari-nyumba katika nchi hii, ushauri wangu ni achague kwanza injini ambayo gereji za njiani zinaifahamu, kisha ndiyo amtafute seremala.

Usiku wa kwanza tulilala Makambako, kwenye maegesho ya malori. Saa tisa za usiku nilisikia kitasa cha mlango kikizungushwa, taratibu, kama mtu anayejaribu tu. Nilimgusa Baba Neema. Hakutoka nje. Alihamia kwenye usukani kwa magoti, akawasha injini, akawasha taa zote. Nyayo zikaondoka. Tukahamisha gari hadi karibu na kibanda cha mlinzi na kulala tena.

Katika tela angelazimika kutoka gizani, akazunguka hadi kwenye pikapu. Hilo nililiandika kwenye daftari nikalipigia mstari, na mstari huo upo hadi leo.

Lakini daftari lile lina mstari mwingine, wa kaka yake mkubwa wa Kilolo, aliyetusikiliza jioni nzima bila kusema kitu, halafu akauliza: "Gari likilazwa gereji, nanyi mtalazwa humo humo?" Boksi la gia likifunguliwa, nyumba nayo imefunguliwa. Vyombo vyako, dawa zako, kitanda chako, vyote viko kwenye uwanja wa oili, na wewe unatafuta gesti ukiwa na mfuko wa nailoni. Tela halikutendei hivyo. Pikapu ikiharibika, unaikata, inakwenda kwa fundi peke yake, na wewe unabaki na nyumba yako.

Jiko la mkaa

Jioni ile kwa Mama tulikula mbalaga, ndizi za kupika, tukazungumza hadi usiku, kisha tukamuaga tukaenda kulala kwenye Coaster. Niliona ni adabu, tusimsumbue. Ana miaka 81.

Baada ya dakika chache akagonga. Alikuwa amebeba jiko la mkaa, limekolea vizuri, jekundu. Baridi ya Tukuyu anaijua, na mabati ya gari anajua hayashiki joto. Alitaka tuliweke ndani, karibu na miguu.

Nilikataa. Ilinilazimu. Kuna hewa inayotoka kwenye mkaa unaowaka, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na katika chumba kidogo kilichofungwa inaua watu wakiwa usingizini kabla hawajajua kwamba wanaumwa. Kijumba cha gari au cha tela ni boksi dogo kuliko chumba chochote, tena tunaziba matundu yake kwa ajili ya vumbi na mbu. Kwa yeyote anayesoma hapa akiwa Makete au Mufindi mwezi wa saba: blanketi la tatu, soksi, chupa ya maji moto, ndiyo, mkaa hapana, hata kwa dakika kumi.

Nilimweleza Mama. Alisikiliza, akasema sawa, akarudi na jiko lake kwenye mvua.

Mara ya pili, siku hiyo hiyo, nimekataa kitu cha mama yangu.

Asubuhi niliingia ndani kuchukua maji nikapita chumba cha wageni. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, shuka jipya lenye mikunjo ya dukani, chandarua kimeshushwa, sendozi mbili pembeni mwake, zimeelekezwa mlangoni. Hakuna aliyekilalia.

Mama alikuwa anapepeta mchele. Akaniamkia Kinyakyusa: "Ugonile?"

Ni salamu tunayoitoa kutwa nzima, hata saa nane mchana njiani. Wengi wetu tumesahau kwamba neno lenyewe linauliza usingizi: umelala? Asubuhi ile nililisikia kama lilivyo. Mama alikuwa anauliza nililala, naye alijua nililala wapi.

Usiku wa tatu

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu nilishinda shambani na Mama tukipalilia migomba, na nilipokwenda kulala nilikuwa nimechoka vizuri.

Saa nane za usiku jirani aligonga. Mtoto wake wa miaka minne alikuwa na homa tangu jioni, na sasa ameshikwa na degedege. Gari pekee lililokuwa karibu lilikuwa letu.

Baba Neema aliruka. Lakini gari letu lilikuwa nyumba. Turubai lilikuwa limefungwa kutoka paa lake hadi kwenye mpera. Mtungi wa gesi ulikuwa nje, bomba lake limepenyezwa dirishani. Waya wa umeme ulitoka nyumbani kwa Mama. Magurudumu ya kushoto yalikuwa juu ya mbao ili kitanda kikae sawa, na mawe yalikuwa yamekingwa mbele na nyuma. Wajukuu wawili walikuwa wamelala ndani. Tulifungua, tulikata, tulihamisha, mimi nikishika tochi na mikono inatetemeka. Alipowasha na kuondoa mguu kwenye klachi, tairi za nyuma zikazunguka palepale. Siku tatu za mvua zilikuwa zimeulainisha ule udongo mweusi, na uzito wote ule ulikuwa umekaa mahali pamoja, unazama polepole tukiwa tumelala juu yake.

Mtoto alikwenda hospitali kwa bodaboda, katikati ya dereva na mama yake, amefunikwa kwa mfuko wa mbolea.

Alipona. Alirudi baada ya siku mbili akiwa anaomba ndizi. Namshukuru Mungu kwa hilo kila ninapolikumbuka, na ninalikumbuka mara nyingi kuliko ninavyotaka.

Baba Neema hakulala tena usiku ule. Alikaa barazani na Mama hadi kulipokucha. Sijui walizungumza nini, lakini alipoingia kuchukua koti alisema, "Pikapu ingeondoka."

Ingeondoka. Tela lingebaki pale na turubai lake na mtungi wake na watoto wake waliolala, na pikapu ingekwenda. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba tulikuwa tunauliza swali la njiani tu. Barabarani gari-nyumba linashinda, na sitabishana tena na yeyote juu ya hilo. Ila sisi hatuendi barabarani. Tunakwenda kwa watu. Ukishafika kwa watu, gari lako si lako peke yako: linapeleka mgonjwa, linafuata mahindi, linamchukua shangazi kutoka stendi, linapeleka mbao za msiba. Gari lililogeuzwa nyumba haliwezi kutumwa. Tulikuwa tumefika kwa Mama na gari kubwa kuliko yote mtaani, na halikumfaa mtu.

Baba Neema alinikumbusha, na yuko sahihi, kwamba hata pikapu hukwama. Lakini pikapu isiyobeba kitanda inasukumwa na vijana wanne.

Kitonga

Kuna mzee wa Ipogolo ana tela dogo la kulala, tairi mbili, alilonunua kwa wasafiri waliotoka kusini mwa Afrika na kuamua kurudi kwao kwa ndege. Alikubali tulijaribu. Baba Neema alisema kama ni kulijaribu, halijaribiwi Gangilonga. "Tunalipeleka Kitonga. Na utaendesha wewe."

Kwanza tulikagua tairi. Kashata zilikuwa nzuri, mtu angesema mpya. Lakini ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT: mbili za wiki, mbili za mwaka. Hizi zilisomeka 1411, wiki ya 14 ya mwaka 2011. Tairi za tela haziishi kwa kutembea, zinakufa kwa jua zikiwa zimeegeshwa. Tulinunua mbili kabla ya kwenda popote. Beringi tulizifungua, tukazisafisha, tukazijaza grisi mpya. Tela lina namba zake za usajili, tofauti na za gari, na hizo nazo tulihakikisha ziko sawa na kadi.

Kisha tukapakia. Na hapo nilifanya kosa.

Nilijaza madumu manne ya maji ya lita 20 na kuyapanga nyuma kabisa, kwenye kijistoo cha mkiani, kwa sababu ndiko kulikokuwa na nafasi. Kilo 80. Lita moja ya maji ni kilo moja, na mtu anayebeba nyumba lazima alifikirie hilo kila anapofungua bomba. Baba Neema aliniona nikipanga. Hakusema kitu.

Baada ya Ilula, mteremko mrefu, spidi 70, basi likatupita. Upepo wake ulilisukuma tela kidogo upande, likarudi, likapita upande wa pili, likarudi zaidi. Usukani ulikuwa hautulii mkononi, kama mtu anavuta nyuma ya pikapu huku na huku. Kioo cha kushoto kilijaa tela, kikawa kitupu, kikajaa tena. Mguu wangu ulikuwa umeshaanza kwenda kwenye breki.

"Usiguse breki," alisema Baba Neema. Hakupaza sauti. "Achia mafuta. Shika usukani unyooke, usipigane nao. Subiri."

Nikasubiri. Sijawahi kusubiri kwa urefu ule. Tela likayumba mara mbili, kisha mara moja ndogo, kisha likatulia nyuma yetu.

Tuliegesha mahali papana. Nililia kidogo, na sioni haya kusema hivyo. Alinipa maji, kisha akanionyesha kosa langu kwa mikono, kama anavyowafundisha vijana wake. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli, mkia unanyanyua pua, na tela lenye pua nyepesi hucheza. Mzigo unatakiwa ukae juu ya ekseli na mbele yake kidogo, ili pua ikandamize ndoano ya gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela. Ikipungua, linayumba. Ikizidi, mgongo wa pikapu unakaa chini, mbele inanyanyuka na usukani unakuwa mwepesi. Tukayahamisha madumu.

Kitonga nilishuka gia ya pili, nyuma ya semi iliyobeba mabomba. Breki za tela lile hujifunga zenyewe pale linapoisukuma pikapu, jambo zuri kwenye tambarare, lakini kwenye mteremko mrefu zinasukumwa muda wote na kupata moto, na breki iliyochemka haishiki. Kwa hiyo ni injini inayokushikilia, breki ni za kugusa na kuachia. Wazee wa barabara hii wanasema ushuke na gia ambayo ungepandia. Upande wangu ukuta wa mwamba, upande wa pili bonde, na Baba Neema kimya kabisa, mikono magotini.

Ruaha Mbuyuni tuliegesha karibu na wachuuzi wa vitunguu. Alikwenda kuongea na kijana mmoja, wakarudi na mzani wa jukwaa wa kupimia magunia. Tuliikata pikapu, tukaikalisha pua ya tela juu ya mzani. Kilo 150. Tela na vitu vyake tulilikadiria kilo 1,200, kwa hiyo tulikuwa ndani. Kisha, kwa ombi langu, tulirudisha madumu mkiani na kupima tena.

Kilo 70.

Kilo 80 za maji, na kosa la hatua chache za mahali pa kuziweka. Wale vijana wa vitunguu walikuwa wamekusanyika kuangalia, na mmoja akasema hivyo ndivyo hata gunia hupakiwa kwenye baiskeli. Ni kweli, na mimi nimefundisha mvutano wa dunia bila kuligusa jambo hilo kwa mikono yangu hadi siku ile.

Wakati wa kupanda kurudi, Baba Neema alichukua usukani. Katikati ya kona za juu, nikamwona anatabasamu kwenye kioo cha pembeni.

"Umeulizia mkia?" nikamwuliza.

"Nimeuulizia. Upo."

Mashaka niliyobaki nayo

Tumeamua tela. Si kwa amani yote.

Kitasa cha Makambako bado kinazunguka kichwani mwangu. Tumekubaliana hatutalala kando ya barabara na tela: ni kwenye uwanja wa misheni, kwa ndugu, au kwenye kambi zenye mlinzi, na tukichelewa, tunalala gesti, fedha iende. Hiyo inapunguza uhuru niliokuwa nauota. Baba Neema ana miaka 61, na kuunganisha na kukata tela kwenye mvua si kazi itakayozidi kuwa nyepesi. Kurudi nyuma nalo bado najifunza, unakata usukani kulia mkia uende kushoto, na mwili wangu unakataa kuamini.

Ila nikifikiria tunakotaka kwenda, pikapu inayoweza kukatwa inafungua milango. Nataka kuona maua ya Kitulo msimu wa mvua, nimewaambia wanafunzi juu ya hifadhi ile tangu ilipotangazwa mwaka 2005 na sijawahi kuikanyaga ikiwa imechanua. Barabara ya kutoka Chimala kupanda Matamba inaitwa Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Coaster sitaipandisha huko, na tela pia sitalipandisha. Lakini tela litabaki Chimala, na pikapu itapanda.

Nne kwa sita

Jumapili iliyopita nilimpigia Mama kumweleza. Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kuomba radhi, maana ndivyo ilivyokuwa. Nilimwambia kijumba kitakuja, kitakaa uani, kitanda kitakuwemo. Nikamwambia usiku wa kwanza tutalala ndani, chumba cha wageni, kila tukija.

"Wa kwanza na wa mwisho," alisema Mama. "Katikati laleni mtakapo."

Kisha akauliza upana. Mita mbili na sentimita kumi, nikamwambia. Alitulia, nikamsikia anaongea na mtu. Ni baba yake yule mtoto, alikuwa pale uani na kamba, anapima kutoka kwenye nguzo ya geti hadi kwenye migomba. Walikuwa wameshaanza kabla sijapiga. Baba Neema alikuwa amemwambia Mama, usiku ule barazani, kwamba kuna aina nyingine ya nyumba, ambayo vijana wanaweza kuiingiza kwa kuisukuma kwa mikono.

Migomba mitatu itaondoka. Machipukizi yake ameyahamishia nyuma ya jiko.

"Na hicho kitanda chenu," akasema, "godoro lake la ngapi?"

"Nne kwa sita, Mama."

"Basi shuka zangu zitakaa."